Mwalimu Aggrey wa Achimota

Katika pwani ya Afrika ya Magharibi pana mji mdogo uitwao Anomabu. Wenyeji wake ni Wafante, na kazi yao tangu zamani ni uvuvi na biashara. Mji huo umo katika nchi iliyoitwa Gold Coast zamani za utawala wa Waingereza, nayo tangu mwaka 1957 huitwa Ghana. Huko ndiko alikozaliwa James Emman Kwegyir Aggrey, tarehe 18 Oktoba mwaka 1875.

Baba yake, Kodwo Kwegyir, alikuwa msemaji wa mfalme wa mji. Kazi ya msemaji katika nchi ile ni ya heshima kubwa. Mfalme akikaa barazani hasemi na watu yeye mwenyewe. Neno lake hupokewa na msemaji, naye hulitoa mbele ya watu kwa upole na hekima. Maneno ya watu nayo hufika kwa mfalme kwa njia iyo hiyo. Kwa hiyo msemaji hana budi kuzijua sheria za nchi, mithali za wazee, na habari za mashauri yaliyopita. Wala mfalme hakuwa na ruhusa ya kutawala kama apendavyo. Akiwadhulumu watu, wazee waliweza kumwondoa katika kiti chake. Mtoto Aggrey alikua akisikia habari za mashauri hayo nyumbani mwao. Hivyo, kabla hajashika kitabu mkononi, alikuwa ameanza kufahamu kwamba mji ni wa watu wote, na kwamba kila mtu ndani yake ana haki yake na wajibu wake.

Mwaka 1883 alibatizwa, akapewa jina la James. Baadaye akaingia shule ya misheni ya Wamethodisti katika mji wa Cape Coast. Alipenda kusoma kupita kiasi, akawa wa mbele katika masomo. Alipokuwa bado kijana wa miaka kama kumi na mitano, wakubwa wa misheni walimtuma kijijini Abura Dunkwa awe mwalimu. Hapo aliona mara ya kwanza jinsi kazi ya ualimu ilivyo nzito. Mwalimu wa kijiji hakuwa mtu wa darasani tu. Watu walimjia awasomee barua zao, walitaka shauri lake, na walimtazama mwenendo wake mchana na usiku. Akiwa mlevi au mvivu, elimu yenyewe ilidharauliwa. Akiwa mtu mwema, elimu ilipendwa.

Baadaye alirudi Cape Coast, na baada ya miaka michache akawa mwalimu mkuu wa shule. Wakati huo jambo kubwa lilitokea. Mwaka 1897 Serikali ya Gold Coast ilitoa shauri la sheria mpya ya ardhi. Wafalme na wazee waliogopa kwamba sheria ile itawanyang'anya wenyeji haki juu ya ardhi ya baba zao. Hawakushika silaha. Walifanya chama cha kutetea haki za wenyeji, wakaandika malalamiko yao, na mwanasheria wao, John Mensah Sarbah, akasimama mbele ya baraza la Serikali kuonyesha desturi za nchi juu ya ardhi. Kisha walichanga fedha, wakatuma wajumbe mpaka London. Mwaka 1898 sheria ile iliachwa.

Aggrey alikuwa karani wa chama hicho, mwandishi wa habari za mikutano yake. Kazi ya karani haina sifa nyingi. Yeye huketi kimya na kuandika, hali wengine wanasimama na kusema. Lakini shauri lisiloandikwa sawasawa husahauliwa, na watu wasioweza kuandika malalamiko yao huonekana kama hawana malalamiko. Katika kazi ile Aggrey aliona kwa macho yake faida ya elimu kwa nchi nzima. Wafalme walikuwa na haki. Vijana waliosoma walikuwa na kalamu. Vitu hivyo viwili vilipokutana, nchi ilipona.

Mwaka uo huo wa 1898, mwezi wa Julai, Aggrey aliondoka kwao kwa merikebu kwenda Marekani. Alikwenda kwa msaada wa Askofu John Bryan Small, mtu mweusi aliyezaliwa kisiwa cha Barbados, ambaye alikuwa amekaa Cape Coast zamani na kuipenda nchi ile. Kanisa lake lilikuwa na chuo katika mji wa Salisbury, jimbo la North Carolina. Chuo hicho kiliitwa Livingstone College kwa ukumbusho wa David Livingstone, msafiri yule ajulikanaye sana katika nchi za Afrika ya Mashariki. Kilianzishwa na watu weusi wenyewe, baada ya utumwa kukomeshwa. Baba na mama za wanafunzi wengi walikuwa watumwa zamani.

Aggrey alisoma kwa bidii, na mwaka 1902 alimaliza masomo yake kwa heshima kubwa. Chuo kikamwomba abaki awe mwalimu, naye akakubali. Mwaka 1903 alifanywa mchungaji. Mwaka 1905 alimwoa Rose Douglass, bibi aliyesoma, mwenyeji wa jimbo la Virginia, nao wakazaa watoto wanne.

Lakini nchi aliyofika haikuwa nchi ya raha kwa mtu mweusi. Mwaka 1899 jimbo la North Carolina liliweka sheria ya kuwatenga watu weusi na weupe katika magari ya moshi. Mwaka 1900 ikatolewa sheria nyingine, kwamba asiyejua kusoma na kuandika na asiyelipa kodi ya kichwa hawezi kupiga kura. Kwa jinsi ilivyosomwa, ilionekana kuwa sheria moja kwa watu wote. Lakini ilisema pia kwamba mtu ambaye yeye mwenyewe, au baba yake, au babu yake, alikuwa mpiga kura kabla ya mwaka 1867, hatazuiliwa kwa ajili ya kutojua kusoma. Wakati ule watu weusi wa jimbo lile hawakuwa na haki ya kupiga kura. Kwa hiyo mzungu asiyejua kusoma alipita, na mtu mweusi akafungiwa mlango. Na hata wale weusi waliosoma walizuiliwa kwa hila za makarani. Hivyo Aggrey alifundisha vijana kuwa raia wema katika nchi iliyowanyima haki za raia.

Wengine wangalikata tamaa. Aggrey alifikiri kwamba mtu aliyenyimwa haki yake ana haja ya elimu zaidi, si chini. Aliwafundisha wanafunzi wake wasome historia na sheria, waseme ukweli, watunze fedha za watu kwa uaminifu, na waweze kuendesha mkutano kwa utaratibu bila matusi. Mambo haya ndiyo kazi ya raia. Mtu anaweza kuyazoea hata kabla hajapewa kura, ili siku kura itakapofika imkute tayari.

Tena hakukaa chuoni tu. Kuanzia mwaka 1914 alikuwa mchungaji wa makanisa mawili madogo nje ya mji, kwa wakulima weusi waliokuwa maskini. Wengi walilima mashamba ya watu wengine, wakawa na madeni kila mwaka. Aggrey aliwahimiza waweke akiba, walime kwa akili, watengeneze nyumba zao, wapeleke watoto shuleni, na wanunue ardhi yao wenyewe. Wakati wa likizo alikwenda New York kusoma katika Chuo Kikuu cha Columbia, kwa kuwa alitaka kuelewa vema zaidi jinsi shule iwezavyo kusaidia maisha ya watu. Mwalimu mwenye umri wa miaka arobaini alikaa tena kwenye dawati pamoja na vijana, wala hakuona haya.

Mwaka 1920 alipata mwito mpya. Shirika la Phelps-Stokes la Marekani lilitaka kutuma wajumbe kwenda kutazama shule za Afrika, kuona mema yao na makosa yao. Mkuu wa wajumbe alikuwa Thomas Jesse Jones. Miongoni mwao Aggrey peke yake alikuwa Mwafrika. Safari ya kwanza iliwafikisha nchi za Afrika ya Magharibi, Kongo, Angola na Afrika ya Kusini, naye Aggrey akaona tena mji wa kwao baada ya miaka 22. Safari ya pili, mwaka 1924, iliwaleta Afrika ya Mashariki. Walifika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, kisha wakaendelea hata Nyasa, Rhodesia na Afrika ya Kusini.

Wajumbe waliona kwamba shule nyingi ziliwafundisha watoto mambo ya mbali na kuyaacha ya karibu. Mtoto aliweza kutaja mito ya Ulaya, lakini hakujua kwa nini watu wa kijiji chake huugua homa. Vijana wengi walipomaliza masomo walitaka kazi ya ukarani mjini, wakaona haya kurudi kwao. Basi wajumbe walishauri kwamba kila shule ikumbuke mambo manne: afya ya watu, matumizi mema ya ardhi na vitu vya nchi, maisha ya nyumbani, na michezo na starehe zilizo njema. Shauri hilo lilizaa matunda. Mwaka 1925 ilifunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, shule ya Jeanes, iliyoongozwa na James Dougall, aliyekuwa mwandishi wa wajumbe katika safari ya pili. Walimu walikuja huko pamoja na wake zao na watoto wao, wakakaa katika nyumba kama za kijiji, wakajifunza namna ya kusaidia shule ndogo na watu wanaozizunguka.

Si watu wote waliopendezwa na mashauri hayo. Watu weusi wengine wenye elimu, Marekani na Afrika, walisema kwamba kumfundisha Mwafrika kilimo na kazi za mikono ni njia ya kumweka chini daima, asipate elimu ya juu wala madaraka. Wengine walimlaumu Aggrey kwamba ni mpole mno kwa Wazungu. Hofu hiyo haikuwa bure, kwa maana walikuwapo Wazungu waliotaka jambo hilo hasa. Aggrey mwenyewe alikuwa amebaguliwa mara nyingi, akajua uchungu wake. Walakini aliamini kwamba jembe na kitabu havipigani. Alitaka Mwafrika apate vyote viwili: mikono ijuayo kazi, na elimu ya juu isiyo na mwisho.

Baada ya safari hizo alipata nafasi ya kuyafanya kwa matendo yale aliyoyasema kwa maneno. Gavana wa Gold Coast, Gordon Guggisberg, aliazimu kujenga shule kubwa ya sekondari mahali paitwapo Achimota, mwendo wa maili chache kutoka Accra. Inasemekana kwamba zamani mahali hapo palikuwa msitu ambamo watumwa waliotoroka walijificha, na kwamba maana ya jina lake ni kutotaja mtu kwa jina, ili waliojificha wasijulikane. Msitu wa wakimbizi ukawa sasa mahali pa shule. Mwalimu mkuu alikuwa A. G. Fraser, ambaye kabla ya hapo aliongoza shule ya Trinity mjini Kandy, katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo huitwa Sri Lanka. Aggrey akaitwa awe mmoja wa wasaidizi wake wakuu. Mwishoni mwa mwaka 1924 alifika kwao kuanza kazi.

Kazi ya kwanza haikuwa ya darasani. Watu wa nchi walikuwa na shaka. Wafalme waliuliza kwa nini fedha nyingi hivyo zitumike katika mahali pamoja. Watu wenye elimu waliogopa kwamba shule itakayofundisha lugha za nchi, ngoma na kilimo itawapa watoto wao elimu ya chini. Wazungu wengine nao walinung'unika kwamba Waafrika wakielimishwa sana watakuwa na kiburi. Kama wenyeji wangaliikataa, majengo mazuri yangalibaki bila roho. Ndipo Aggrey akafanya kazi ya baba yake. Alizunguka mji kwa mji, akakaa barazani na wazee, akasikiliza hofu zao, kisha akaeleza. Maneno ya wenyeji akayapeleka kwa Fraser na Gavana. Maneno ya Fraser na Gavana akayaleta kwa wenyeji. Mwana wa msemaji wa mfalme akawa msemaji kati ya watu na shule. Polepole wengi wakaridhika.

Alipotaka kueleza jinsi watu wa rangi mbalimbali wapasavyo kuishi, alitumia mfano wa kinanda. Kinanda kina vibao vyeupe na vibao vyeusi. Mtu aweza kupata namna ya wimbo kwa vyeupe peke yake, au kwa vyeusi peke yake. Lakini akitaka sauti zipatane kweli, hana budi kuvipiga vyote. Mfano huo ulipendwa hata ukawekwa katika alama ya shule ya Achimota, nao ungalipo.

Neno jingine alilolishika kwa nguvu ni elimu ya wasichana. Wakati huo wazee wengi waliona kwamba fedha ya shule ni kwa ajili ya mtoto wa kiume. Aggrey alijibu kwamba mwanamume akifundishwa, mara nyingi amefundishwa mtu mmoja. Lakini mwanamke akifundishwa, imefundishwa nyumba nzima. Basi Achimota ikapokea wavulana na wasichana pia, jambo lililokuwa geni katika nchi nyingi siku zile.

Shule ilianza na watoto wadogo mwaka 1926, ikafunguliwa rasmi mwezi wa Januari mwaka 1927. Maisha ya wanafunzi yalipangwa ili yafanane na maisha ya mji mdogo. Waliotoka makabila mbalimbali, ambao baba zao walipigana vita zamani, walilala pamoja katika bweni moja na kula pamoja. Wakubwa walipewa madaraka juu ya wadogo, nao walipaswa kuyatumia kwa haki. Wanafunzi walifanya kazi za mikono wala hawakuona ni aibu. Walisoma hesabu, sayansi na Kiingereza, lakini pia walijifunza lugha za kwao, historia ya Afrika, ngoma na ufundi wa nchi. Hivyo kijana aliyetoka Achimota hakutazamiwa kuwa mgeni katika kijiji chake, bali mtu aliyerudi na mzigo wa faida.

Aggrey hakuishi hata kuona mavuno. Katikati ya mwaka 1927 alipata likizo, akaenda Uingereza na Marekani, akikusudia kumaliza masomo yake ya Columbia. Akiwa New York alishikwa na ugonjwa ghafula, akafa tarehe 30 Julai mwaka 1927. Umri wake ulikuwa miaka 51. Alizikwa Salisbury, katika mji alikofundisha zaidi ya miaka ishirini.

Watu wengi katika Gold Coast walilia, na wengine waliogopa kwamba Achimota nayo itakufa. Lakini nyumba iliyojengwa kwa shauri la wengi haianguki kwa kuondoka mmoja. Miongoni mwa vijana waliokuwa wakisomea ualimu wakati huo alikuwamo Kwame Nkrumah. Alimheshimu Aggrey sana, na habari ya kifo chake ilimsikitisha mno. Baadaye alikwenda Marekani kusoma kama Aggrey alivyofanya, na mwaka 1957 akaongoza nchi yake kupata uhuru. Nnamdi Azikiwe wa Nigeria, aliyemsikia Aggrey akisema katika safari ya mwaka 1920, naye alifuata njia iyo hiyo, akawa rais wa kwanza wa nchi yake. Mwaka 1948 chuo cha kwanza cha elimu ya juu katika Gold Coast kilianza palepale Achimota.

Lakini kazi ya Aggrey haipimwi kwa marais peke yao. Hupimwa zaidi kwa wengi wasiotajwa: mwalimu wa kijiji, mganga wa hospitali ndogo, mama anayechemsha maji ya watoto wake, karani anayetunza fedha za chama bila kuiba hata senti moja. Hao wote ndio nguzo za nchi. Shule ya sekondari ikimpa kijana cheti tu, imempa karatasi. Ikimfundisha kusema ukweli, kufanya kazi pamoja na asiyekuwa wa kabila lake, kudai haki bila chuki, na kuona kwamba elimu yake ni deni kwa watu waliomlea, imeipa nchi raia. Deni hilo Aggrey alilijua. Aliondoka kwao kijana, akakaa ugenini zaidi ya nusu ya maisha yake, na mwito ulipofika, akarudi kulilipa.